Mwongozo kamili: jinsi ya kukagua saiti mpya ya kubeti au kasino kabla hujaweka hata mia

Swali linalonifikia ni lile lile, "hii saiti mpya ni ya kweli au matapeli?", na kinachoniuma ni kwamba karibu kila mara linaulizwa hela ikiwa imeshaingia. Mtu ameona kwenye Telegram jamaa kaonyesha milioni nne, ameona tangazo TikTok, bonasi asilimia mia tatu, kaweka elfu hamsini, akaunti ikasoma laki tatu, sasa anataka kutoa na hela imegoma kutoka.

Hapa Dodoma, wanafunzi wa UDOM na Mipango boom likiingia, bodaboda wa Nanenane, wakulima wa alizeti na zabibu wakishauza, wote wanakwama sehemu moja. Wanakagua mlango wa kuingilia, wa kutokea hakuna anayeukagua. Kuweka hela ni rahisi kwenye saiti yoyote duniani, hata ya tapeli, tena ya tapeli ndio rahisi zaidi, kwa hiyo wepesi wa kuweka haukuambii kitu. Kinachokuambia ni hela kutoka.

Mwongozo huu ni wa mwenye miaka 18 na kuendelea, chini ya hapo sheria hairuhusu. Na haukufundishi kushinda, unakufundisha kukagua. Ukifika hatua ukakuta saiti imefeli, ishia hapo hapo, usiruke kwenda inayofuata ukitegemea mbele itajirekebisha.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye bando na brauza ya kawaida. Apu ya saiti yenyewe usipakue kwanza.
- Laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na isiwe ile unayotunzia akiba, ada ya watoto au hesabu ya bosi wa boda.
- Daftari na kalamu. Ukitegemea kichwa utajidanganya, kila mtu anakumbuka alichoshinda na kusahau alicholiwa.
- Kikokotoo cha simu.
- Hela ndogo ya kujaribia, 2,000 au 3,000, ambayo ikipotea leo kesho utakula kama kawaida.
- Siku kadhaa. Saiti nzuri itakuwepo wiki ijayo. Ile inayokwambia ofa inaisha usiku huu ndio unatakiwa kuipa muda mrefu zaidi.

## Hatua ya 1: Jua aliyekuletea habari analipwaje

Anza na mtu, saiti baadaye. Yule anayekutumia linki yenye promokodi mara nyingi analipwa, na malipo yako ya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza anapewa kiasi fulani kwa kila mtu anayejisajili na kuweka hela. Ya pili anapewa asilimia ya kile mnacholiwa nyie mliopitia linki yake, mwezi hadi mwezi. Soma tena hiyo ya pili. Yaani kuna mtu kipato chake kinapanda wewe ukiliwa, na huyo huyo ndio anakutumia "vijana amkeni, fursa hii" saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa zile skrinishoti. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kufungua ukurasa kwenye brauza, akabadilisha salio likasoma milioni ishirini, akapiga picha, dakika mbili kazi imeisha. Meseji ya M-Pesa nayo ni maandishi tu, yanaandikika. Na kuna akaunti za maonyesho ambazo saiti inampa mtangazaji, zimejaa hela ambayo sio hela, anabonyeza anashinda, anashangilia kwenye video, na senti hata moja haijatoka popote.

Kwa hiyo muulize huyo ndugu maswali matatu. Mtu akijisajili kwa promokodi yako unapata nini? Mara ya mwisho umetoa hela lini, na ilichukua muda gani kufika? Naomba unionyeshe taarifa ya miamala ya mwezi mzima, iliyoingia na iliyotoka, sio ushindi mmoja.

Ikienda sawa: anakujibu wazi kwamba analipwa na anakuonyesha hata alipoliwa. Wapo watu wa hivyo, wachache.

Tahadhari: ukitolewa kwenye grupu kwa sababu umeuliza, umeshapata jibu. Na usihesabu "asante admin nimepokea" zilizojaa chini ya posti, mtu mmoja anaweza kuendesha akaunti thelathini, na makundi mengi ya Telegram wanachama hawaruhusiwi kuandika kabisa, anaandika admin peke yake.

## Hatua ya 2: Soma anwani herufi kwa herufi

Usiingie kwa linki uliyotumiwa. Iangalie kwanza, isome polepole. Matapeli wanachukua jina la kampuni inayojulikana wanabadilisha herufi moja, au wanaongeza neno kama "vip" au "bonus" mbele au nyuma, rangi zile zile, nembo ile ile, na jicho lililozoea linapita tu.

Kisha angalia umri wa anwani. Nenda lookup.icann.org, andika anwani ya saiti bila vikorombwezo, tafuta tarehe ya kusajiliwa. Anwani zinazoishia na .tz zina msimamizi wake hapa nchini. Kama saiti inajisifia kuwa na wateja tangu 2016 halafu anwani imesajiliwa wiki tatu zilizopita, hakuna mjadala hapo, funga. Kama inasema wazi kwamba ni mpya na anwani ni mpya, hilo sio kosa, ila ujue huna historia yoyote ya kushikilia, kila kitu utakipima mwenyewe.

Alama ya kufuli pembeni ya anwani isikulaze. Ile inamaanisha mawasiliano kati ya simu yako na saiti yamefichwa njiani, haisemi chochote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili. Tapeli naye anapata kufuli, tena bure.

Tahadhari kubwa, apu: ukiambiwa pakua faili la APK kutoka WhatsApp au Telegram na simu inakuuliza kama uruhusu programu kutoka chanzo kisichojulikana, kataa. Na kama apu ya kubeti inaomba ruhusa ya kusoma SMS zako, jiulize inataka SMS za nini. SMS zako ndio zinabeba OTP, zile namba za siri za kutumia mara moja, na meseji za pesa. Anayezisoma anaweza kuingia kwenye akaunti zako nyingine ambazo hazihusiani kabisa na mpira.

Ikienda sawa: anwani umeiandika mwenyewe kwa mkono, umri wake unaendana na maneno yao, na unaingia kwa brauza bila kupakua chochote.

## Hatua ya 3: Tafuta leseni, na uitafutie kwa aliyeitoa

Hapa ndio wengi wanaruka. Wanashuka chini ya ukurasa, wanaona nembo ya Bodi na maandishi 18+, wanasema tayari ina leseni. Ile nembo ni picha. Unaweza kuiweka hata kwenye bango la kuuza mayai.

Anayetoa leseni hapa kwetu ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iko chini ya Wizara ya Fedha, inafanya kazi kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41. Fanya hivi:

Kwanza, kwenye saiti tafuta jina la kampuni, sio jina la biashara. Jina kubwa la juu lenye rangi ni la biashara, la kampuni linakuwa kwenye masharti au chini kabisa kwa maandishi madogo. Liandike kwenye daftari pamoja na namba ya leseni.

Pili, andika gamingboard.go.tz mwenyewe kwenye brauza, usibonyeze linki ya saiti unayoikagua hata kama imeandikwa "hakiki leseni yetu hapa", kwa sababu inaweza kukupeleka kwenye ukurasa waliotengeneza wenyewe. Tafuta walioruhusiwa. Usipoona vizuri, chukua namba ya simu pale pale kwenye tovuti ya Bodi, piga, uliza kwa kutaja jina la kampuni.

Tatu, angalia leseni ni ya kitu gani. Kubashiri michezo ni leseni yake, kasino ya mtandaoni ni nyingine. Mtu kuruhusiwa kimoja haimaanishi karuhusiwa vyote.

Kuna saiti zitakuonyesha leseni ya Curaçao, au ya Anjouan, kile kisiwa cha Komoro ambacho sisi tunakiita Nzwani. Hizo leseni zipo kweli, sio za kubuni. Ila haziwapi ruhusa ya kuendesha biashara Tanzania, na ukidhulumiwa utalalamika kwa nani? Utaandika barua pepe kwa Kiingereza kwenda kisiwa usichokijua kuhusu elfu sabini yako. Leseni ya hapa haihakikishi kwamba utashinda wala kwamba kampuni haitakukera, inachokupa ni ofisi ya kuendea, na siku hela imekwama hicho ni kitu kikubwa sana.

Ikienda sawa: jina la kampuni, namba na aina ya leseni vimelingana sehemu zote mbili, kwao na kwa Bodi. Vikilingana viwili cha tatu hakipo, haijapita.

## Hatua ya 4: Pigia hesabu bonasi kwa kikokotoo

Bonasi ndio inavuta watu kuliko kitu kingine chochote na ndio watu hawasomi. Tafuta ukurasa wa masharti, tafuta neno "kuzungusha" au "mara" au "x" pembeni ya namba, mfano 35x.

Tuseme umeweka 10,000 wakakuongezea 10,000. Akaunti inasoma 20,000, unajiona umeshafaidika. Masharti yanasema uzungushe jumla ya amana na bonasi mara 35 kabla ya kutoa. 20,000 mara 35 ni 700,000. Unatakiwa ubeti jumla ya laki saba ili uruhusiwe kutoa!

Sasa kama mchezo unaochezea unabakiza kwa kampuni wastani wa asilimia 4 ya kila kinachochezwa, asilimia 4 ya 700,000 ni 28,000. Bonasi ilikuwa 10,000. Kwa wastani umepoteza bonasi yote na amana yote kabla hujafika mwisho. Hata wakisema ni bonasi peke yake inayozungushwa, 10,000 mara 35 ni 350,000, asilimia 4 yake 14,000, bado inazidi bonasi.

Angalia na haya: siku ngapi umepewa kumaliza, odi ya chini inayokubalika (odi ni namba inayozidishwa na dau lako ukishinda), kiwango cha juu cha kutoa kwenye ushindi uliotokana na bonasi, na kama kuweka dau kubwa kuliko kiasi fulani kunafuta kila kitu. Hicho cha mwisho kinawaumiza sana watu, anashinda kihalali halafu anaambiwa kuna dau moja lilizidi, ushindi umefutwa.

Ushauri wangu: kwenye saiti mpya kataa bonasi. Mara nyingi kuna kibox cha kuondoa tiki au unaweza kuwaandikia. Hela yako ikiwa huru, hatua ya 6 inakuwa safi, hawana kisingizio cha masharti.

Ikienda sawa: akaunti yako inasoma ulichoweka tu, na sehemu ya bonasi inasoma sifuri.

## Hatua ya 5: Soma jina kabla ya namba ya siri

Kampuni iliyojipanga inapokea kupitia namba ya kampuni kwenye menyu ya malipo, M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, au inakuletea ombi kwenye simu uweke namba ya siri. Kabla hujaweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la anayepokea. Simama hapo, usome.

Kama limetokea jina la mtu, la kike au la kiume, sijui "wakala wetu wa kanda ya kati", ghairi. Kama limetokea jina la kampuni ambayo sio ile uliyoandika kwenye daftari, ghairi kwanza, uliza, lipia baadaye. Kampuni za kuchakata malipo zipo na jina linaweza kutofautiana kihalali, ila hiyo wanatakiwa wawe wameiandika kwenye ukurasa wao wa malipo, sio akuelezee dada wa WhatsApp.

Wakitaka USDT au sarafu nyingine ya mtandaoni tu, achana nao. Ukishatuma hakuna huduma kwa wateja ya kuzuia muamala, imeenda imeenda.

Kuhusu NIDA: kampuni yenye leseni inaweza kukuomba kitambulisho kuthibitisha umri na jina, hiyo ni kawaida. Ila usipeleke picha ya kitambulisho, wala ile ya kujipiga umekishika mkononi, kwa saiti ambayo haijapita hatua ya 3. Na ukiwa hapo hapo piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika leo leo.

Ikienda sawa: meseji ya muamala ina jina unalolitegemea, na salio limeonekana kwenye akaunti bila wewe kutuma skrinishoti kwa mtu.

## Hatua ya 6: Jaribio la kutoa

Hii ndio hatua yenyewe, hizo zote zilikuwa zinakuandaa kufika hapa. Ukiwa na muda wa kufanya hatua mbili tu, fanya ya 3 na hii.

1. Weka kiwango cha chini kabisa wanachokubali. Andika kwenye daftari tarehe, saa na kiasi.
2. Kabla ya kucheza, fungua ukurasa wa kutoa. Angalia kiwango cha chini cha kutoa. Kuna saiti unaweka kuanzia 500 lakini kutoa ni kuanzia 20,000. Hapo wamekuambia ukweli wenyewe, hela ndogo haitoki.
3. Cheza kidogo. Wengi wanataka uwe umecheza amana yako angalau mara moja kabla ya kutoa, kuzuia utakatishaji fedha, sio kosa.
4. Kilichobaki, hata kama ni 1,100, kitoe. Andika saa uliyobonyeza.
5. Subiri mikono ikiwa mbali. Watakuambia ghairi ombi upate bonasi, watakuletea kitufe cha kurudisha hela kwenye mchezo, usikibonyeze. Kile kitufe kipo kwa sababu wanajua hela inayosubiri huwa inarudi kuchezwa.
6. Ikifika, andika saa na jina la aliyetuma.
7. Rudia siku nyingine, tena jioni ya Jumamosi mechi zikiwa nyingi, na kiasi kikubwa kidogo.

Kwa nini urudie? Kwa sababu tapeli mwenye akili analipa hela ndogo. Anakupa 5,000 yako haraka sana, unafurahi, unawaambia wenzako kijiweni, halafu mnaweka kubwa wote. Malipo ya kwanza sio cheti. Ndio maana hata saiti iliyopita hatua zote usiache salio limelala mle ndani, ukishinda toa, siku ukitaka kucheza utaweka tena.

Sasa nikuonyeshe ujumbe wa kukwamisha unavyosomeka, maneno yanabadilika ila mifupa ni hii:

*"Hongera mteja, ombi lako la kutoa Tsh 1,240,000 limekubaliwa. Ili kukamilisha lipa kodi ya TRA 8% sawa na Tsh 99,200 kwenye namba hii ndani ya dakika 30, vinginevyo akaunti itafungwa."*

Kodi ya ushindi inakatwa na kampuni yenyewe kabla hujapokea, kampuni ndio inaipeleka TRA. Hakuna mshindi anayetuma kodi kwa namba ya simu. Na jiulize, hiyo 99,200 si wangeikata kwenye hiyo milioni waliyonayo? Wanashindwa kuikata kwa sababu milioni haipo, ni tarakimu kwenye skrini. Dakika 30 ni za kukuzuia usimuulize mtu. Ukilipa hiyo kodi kesho itakuja "ada ya kuhamisha", keshokutwa "kuthibitisha akaunti", na kila ukilipa unaona aibu kuacha kwa sababu umeshatoa nyingi.

Sheria ya hatua hii: hela ya kutolea hela hailipwi. Hata shilingi mia tano.

Ikienda sawa: hela imefika mara mbili, siku tofauti, kwenye laini yenye jina lako, kutoka kwa jina la kampuni, ndani ya muda waliouandika wenyewe, bila kuombwa nyongeza yoyote.

## Hatua ya 7: Pima mchezo wenyewe

Saiti imepita. Ni halali, inalipa. Sasa hapa ndio wengi wanalegea wanadhani halali maana yake utafaidika, wakati kampuni halali ndio ina hesabu iliyonyooka kabisa ya kubaki na hela yako.

Mechi moja. Tuseme Dodoma Jiji wako nyumbani Jamhuri, odi ni 2.10 nyumbani, 3.20 sare, 3.40 mgeni. Gawanya 1 kwa kila moja: 0.476, 0.313, 0.294. Jumlisha, unapata kama 1.083. Ingekuwa haina faida ya kampuni ingekuwa 1 kamili. Hiyo ziada ndio yao, maana yake kwa wastani kila 1,000 inayobetiwa hapo inarudi kama 924. Fanya hesabu hii kwenye saiti mpya na kwenye unayoijua, mechi ile ile. Wanaopiga kelele za "odi kubwa kuliko wote" mara nyingi wamepandisha timu moja, wamebana nyingine mbili.

Mkeka. Ukiunganisha mechi, makato yanazidishana. Mechi kumi za aina hiyo, 0.924 inajizidisha mara kumi, inarudi wastani wa kama 450 kwa kila 1,000. Na zile odi za "uhakika" za 1.30? Tuseme kila timu kweli ina nafasi 75 kwa 100 ya kushinda. Mechi kumi zote zitiki ni kama mkeka mmoja kati ya 18. Unalipwa kama 13,800 kwa 1,000, umeshatumia 18,000 kuupata. Mechi kumi na tano ni mmoja kati ya 75. Ndio maana kila mtu ana hadithi ya mkeka uliochanwa na timu moja, huo sio mkosi, hesabu ndivyo ilivyo.

Kindege. Ni mchezo wa Aviator, kindege kinapaa huku kizidishio cha dau kikipanda, na unatakiwa utoe kabla hakijapotea. Umetengenezwa na kampuni ya Spribe, ulitoka 2019, na marejesho yake yaliyotangazwa ni asilimia 97. Nafasi ya kindege kufika mara mbili kabla ya kupotea ni kama 48 au 49 kwa 100, sio 50. Tofauti inaonekana ndogo, ila mizunguko ni ya sekunde chache, unacheza mingi sana ukiwa umesubiri abiria tu. Mizunguko 200 ya 500 umezungusha 100,000.

Na hapa nisikilize vizuri, apu ya kutabiri kindege haipo. Matokeo ya kila mzunguko yanatengenezwa kwa namba za bahati nasibu zilizofungwa kwa siri mpaka mzunguko uishe. Anayekuuzia "predicta" kwa elfu thelathini angekuwa anajua angekaa kimya acheze mwenyewe. Pamoja na hela yako, zile apu ndio zinaomba ruhusa za SMS nilizosema hatua ya 2. Mechi za fiksi za Telegram ni hivyo hivyo: wanagawa utabiri tofauti kwa makundi tofauti, kundi lililopatia linaonyeshwa ushahidi, lililokosa linafutwa.

Kudabo. Kuna wanaofundisha kila ukiliwa zidisha mara mbili, lazima utarudisha. Anza na 500: 500, 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000. Ukiliwa saba mfululizo umepoteza 63,500 na dau linalofuata ni 64,000, ili mwisho ushinde 500. Na saba mfululizo zinatokea, mtu anayecheza kila siku atakutana nazo.

Ikienda sawa: unaweza kumweleza mwenzako, bila kuangalia popote, mchezo unaoucheza unakula shilingi ngapi kwa kila 1,000.

## Hatua ya 8: Andika kikomo, kisha funga mlango

Kabla ya kucheza kwa kawaida, andika kiasi cha mwezi. Kisitokane na mkopo, na kausha damu usiiguse kabisa kwa ajili hii, isitoke kwenye ada wala kodi ya chumba. Tafuta kwenye akaunti sehemu ya kuweka kikomo cha kuweka hela na ya kujifungia. Saiti mpya isiyo na sehemu hizo inakupa taarifa kuhusu inachokitaka kwako.

Ukijikuta unaficha simu nyumbani, unakopa ili kurudisha, au unaamka usiku kuangalia mechi za nchi usiyoijua, jifungie leo, na mwambie mtu mmoja unayemwamini akushikie hela kwa muda. Hilo nalisema kwa moyo wote, nimeona kijana mzuri wa Nkuhungu akiuza pikipiki ambayo hakuwa amemaliza kuilipia.

## Kama umeshanasa

Acha kutuma. Hata wakisema imebaki elfu kumi ya mwisho.

Piga huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia kutuma, papo hapo, ukiwa na namba ya muamala. Kama hela bado haijatolewa na aliyepokea kuna nafasi ya kuizuia, ikishatolewa kwa wakala nafasi inakuwa finyu mno, kwa hiyo kila dakika ina maana.

Piga skrinishoti ya kila kitu kabla hawajakublock: anwani ya saiti, mazungumzo, namba, salio, masharti. Meseji za kitapeli na namba zao zitume 15040, namba ya kuripoti utapeli. Nenda polisi na ushahidi uliouchapisha, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ukishapata RB utaitumia kufuatilia mtandao wa simu. Kama kampuni ina leseni na inakuzungusha tu, waandikie wao kwanza kwa maandishi, wakikaa kimya peleka malalamiko Bodi ukiambatanisha daftari lako lenye tarehe na saa.

Badilisha namba ya siri ya pesa, nywila ya barua pepe na ya kila sehemu uliyotumia nywila ile ile, ondoa apu kama uliiweka, na rudia *106#.

Kisha jiandae na simu ya pili. Siku chache baadaye atakupigia mtu mwenye sauti nzuri, anajua jina lako na kiasi ulichopoteza, anasema anatoka kitengo cha kurudisha fedha zilizoibiwa mtandaoni, anahitaji ada ndogo ya kufungua faili. Anajua kiasi kwa sababu yuko na wale wale, au amenunua orodha kutoka kwao. Kata simu, namba yake nayo itume 15040.